Saa za Jua na Saa za Redio

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba usiku na mchana, akaliendesha jua na mwezi kwa hesabu isiyokosea. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, enyi wenye familia, na nyinyi wanafunzi wa madrasa na vyuo: hutuba yetu ya leo yahusu jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni namna ya kuzigeuza saa. Hapa Malangali, na katika nyumba nyingi za Sumbawanga na Ufipa nzima, mwezi wa Ramadhani ukiingia familia huketi jioni mbele ya redio au runinga. Uji umekwisha iva, tende zimo sahanini. Mara husikika adhana ya Magharibi kutoka Dar es Salaam, na mikono ikanyooshwa. Lakini atokaye nje wakati huo ataliona jua lingali linawaka upande wa machweo. Swali ni hili: je, saumu ya watu wale imetimia?

Jawabu ni kwamba haikutimia. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Baqara, aya ya 187, tuikamilishe saumu mpaka usiku uingie, na usiku huingia kwa kuchwa kwa jua pale alipo mfungaji, si pale alipo mwadhini wa mji mwingine. Bukhari amepokea kwa Bibi Asma binti Abubakar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, kwamba katika zama za Mtume (S.A.W.) watu walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likajitokeza. Wanavyuoni wa madhehebu yote manne wameshika kwamba mwenye kula akidhani jua limekuchwa, kisha ikabainika kuwa halijachwa, itampasa ailipe siku ile. Basi fikirini nyumba ambayo imefuturu hivyo kwa mwezi mzima. Hao wamejizuia chakula na maji mchana kutwa, siku 29 au 30, na juu ya shingo zao bado iko deni la Ramadhani nzima. Na yule ambaye mawingu yalimdanganya siku moja ana udhuru wa mawingu. Huyu wetu alikuwa na jua mbele ya macho yake.

Sababu ya tofauti hii si ngumu kuifahamu. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa muda wa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa moja, na nyuzi moja kwa kila dakika 4. Inazunguka kuelekea mashariki, na kwa hivyo aliye mashariki huliona jua kwanza na kuagana nalo kwanza. Katika ramani, Dar es Salaam iko nyuzi 39 na robo hivi mashariki ya Greenwich, na Sumbawanga iko nyuzi 31 na nusu na zaidi kidogo. Kati yao pana nyuzi 7 na sehemu mbili za tatu. Zidisha kwa 4, utapata dakika 30 na kitu. Huo ndio umbali wa jua baina ya miji hii miwili. Kwa hesabu hiyo hiyo Dodoma iko nyuma ya Dar es Salaam kwa dakika 14 hivi, Mbeya dakika 23, Tabora 26, na Kigoma karibu dakika 39. Mwenye kufuata adhana ya Dar es Salaam akiwa Kigoma amekosea zaidi yetu.

Lakini saa za ukutani, kwa nini hazionyeshi tofauti hiyo? Kwa sababu saa za ukutani ni mapatano ya watu. Nchi za Afrika Mashariki zimepatana kushika saa moja, iliyo mbele ya Greenwich kwa saa 3, na saa hiyo kwa asili ni ya mstari wa nyuzi 45, ambao hupita karibu na Mogadishu. Hakuna hata mji mmoja wa Tanzania ulio juu ya mstari huo; sote tuko magharibi yake, na kwa hivyo jua letu sote, kwa wastani, huwa nyuma ya saa zetu. Kwa Dar es Salaam ni dakika 23 hivi. Kwa Sumbawanga ni dakika 53 na nusu, karibu saa nzima!

Mwenye kutaka ushahidi asiende mbali. Mji wa Mbala, katika Zambia, uko ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kasesya. Jua la Mbala na jua la Sumbawanga huchwa karibu pamoja, hitilafu ikiwa ni dakika moja au mbili. Hata hivyo saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa dakika 60, kwa kuwa Zambia imeshika mapatano mengine. Mfanyabiashara avukaye Kasesya husogeza mishale ya saa yake kwa saa nzima, ilhali jua halikusogea. Naye aendaye Dar es Salaam haigusi saa yake kabisa, ilhali jua limemtangulia kwa nusu saa. Mwenye kuyaelewa mambo haya mawili ameuelewa msingi wa maneno yetu ya leo. Serikali zina haki ya kupatana juu ya saa, na mapatano hayo yana faida kubwa kwa safari, shule na kazi. Lakini Sala na saumu hazikufungamanishwa nayo.

Sasa tuje kwenye kuzigeuza saa zenyewe, maana hapa pana mageuzi zaidi ya moja, na watu huyachanganya.

Geuzo la kwanza ni baina ya saa zetu za Kiswahili na saa za Kizungu. Sisi huhesabu saa 12 za mchana kuanzia macheo na saa 12 za usiku kuanzia machweo. Mpango huu si wa kuonea haya, kama wafanyavyo baadhi ya vijana. Waarabu wa zamani walihesabu saa zao kuanzia machweo, na Wahabeshi hata leo huhesabu mchana wao kama sisi. Saa za Kizungu huanza usiku wa manane na adhuhuri. Kwa hivyo kila saa ya Kizungu hupunguzwa 6 ili kupata ya Kiswahili, na ikiwa namba haitoshi kupunguzwa, huongezwa 6. Katika ratiba zilizoandikwa kwa namba hadi 24, punguza 6, na ikizidi 12 punguza 12 tena: 18:46 huwa saa 12:46 jioni; 19:18 huwa 13:18, nayo ni saa 1:18 usiku.

Hili laonekana jepesi, lakini ratiba za Sala zinazoning'inizwa misikitini, na zile za katika simu, nyingi zimeandikwa kwa saa za Kizungu. Na kwa mtu wa Sumbawanga liko tatizo moja ambalo mtu wa Pwani halioni sana. Kwa asili ya maneno, saa 12 asubuhi ndiyo kupambazuka, na saa 1 ni saa ya kwanza baada ya jua kutoka. Pwani maneno hayo yapo karibu na ukweli. Hapa Ufipa, jua hutoka karibu na saa 12:34 mwezi wa Desemba, na mwishoni mwa Julai huchelewa hata saa 1:08 asubuhi. Watoto wetu wa shule walijua hilo kabla ya wataalamu: saa yasema kumekucha, na njiani bado ni giza na baridi ya Julai inauma masikio. Lugha yetu ilizipanga saa kwa kufuata jua. Mapatano ya serikali yalipokuja, majina yalibaki na jua likaachwa nyuma.

Geuzo la pili ndilo la ibada: kutoka saa ya Magharibi ya Dar es Salaam kwenda Magharibi ya hapa. Tuchukue katikati ya Februari. Jua la Dar es Salaam huchwa karibu na saa 12:46 jioni. La Sumbawanga huchwa karibu na saa 1:18 usiku. Tofauti ni dakika 32. Lakini tulisema hesabu ya ramani ni dakika 30 na kitu. Hiyo ziada yatoka wapi? Yatoka katika kusini na kaskazini. Dar es Salaam iko chini ya Ikweta kwa nyuzi 6 na dakika 48, na sisi tuko nyuzi 8 hivi. Kadiri mtu anavyoshuka kusini, mchana wake wa Desemba hurefuka na wa Juni hupungua. Hapa kwetu mchana wa Desemba hufika saa 12 na dakika 35, na wa Juni hushuka hadi saa 11 na dakika 39. Kwa sababu hiyo tofauti ya machweo baina yetu na Dar es Salaam si ya namba moja mwaka mzima: ni dakika 28 hivi mwezi wa Juni, na dakika 33 hivi mwezi wa Desemba. Kwa alfajiri mambo hugeuka, zikawa 28 Desemba na karibu 33 Juni.

Kwa hivyo yule asemaye, "Ongezeni nusu saa, yatosha," amekaribia lakini hakufika. Mwezi wa Desemba atafuturu jua likiwa bado lina dakika 3. Mwenye kulazimika kutumia adhana ya Dar es Salaam, na asiwe na ratiba ya hapa, na aongeze dakika 33 kamili kwa Magharibi, siku zote za mwaka. Hapo atachelewa dakika chache katika baadhi ya miezi. Ni kweli kuharakisha futari ni sunna, lakini kuharakisha huja baada ya kuthibiti kwa machweo, si kabla yake.

Alfajiri yataka akili zaidi, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili yanayovutana. Mwenye kuacha kula daku kwa adhana ya Dar es Salaam ameacha mapema kwa nusu saa. Amejinyima chakula, lakini saumu yake ni salama. Mwenye kusimama akasali Alfajiri kwa adhana hiyo hiyo amesali kabla ya wakati, na Sala yake haikusihi. Mwishoni mwa Julai, kwa mfano, alfajiri ya kweli huingia Dar es Salaam karibu na saa 11:22, na hapa karibu na saa 11:55. Wazee wetu na akina mama wanaoamka kwa redio, wakasali, wakarudi kulala, wamesali usiku. Basi anayegeuza na achukue tahadhari pande zote mbili: kwa kula aongeze dakika 28 tu kisha aache, na kwa kusali angoje zitimie 33. Baina ya hizo akae akivuta uradi.

Lipo jambo jingine lituhusulo siku hii ya Ijumaa hasa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, Sala ya Ijumaa na hutuba zake mbili hazisihi ila baada ya jua kupinduka. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Ahmad bin Hanbal wana kauli ya kuruhusu kabla yake, nayo twaiheshimu, lakini asiyeifuata hawezi kujificha nyuma yake kwa sababu tu saa yake ya ukutani ilimdanganya. Sasa, jua la Sumbawanga hupinduka lini? Saa ya jua haiendi sawa na saa ya mashine mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba jua huitangulia kwa dakika 16 hivi, na katikati ya Februari hubaki nyuma kwa dakika 14. Ukiziunga hizo na zile dakika 53 na nusu, utaona kwamba jua letu hupinduka mapema kabisa saa 6:37 mchana, mwanzoni mwa Novemba, na huchelewa kabisa saa 7:08, mwezi wa Februari. Hakuna siku hata moja ya mwaka ambayo saa 6:30 huwa imekwisha ingia Adhuhuri hapa. Dar es Salaam, saa 6:30 huwa imekwisha ingia kwa sehemu kubwa ya mwaka. Khatibu aliyezoea saa za mji ule, akahamia huku na kupanda mimbari saa 6:30, atahutubu kabla ya wakati kila Ijumaa.

Wanafunzi wasituamini kwa maneno tu. Simamisheni kijiti kilichonyooka katika uwanja wa madrasa, mahali pa tambarare, mkitie alama kivuli chake kila baada ya dakika 5 kuanzia saa 6:20. Kivuli kitapungua, kitasimama, kisha kitaanza kurefuka upande wa mashariki. Hapo ndipo jua limepinduka. Mtaona pia ajabu nyingine: mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua hupita juu ya utosi wetu, na kivuli cha adhuhuri hutoweka. Baina ya Oktoba na Februari jua huwa kusini yetu, na miezi iliyobaki huwa kaskazini. Kijiti kile kile kitawafundisha Alasiri, ambayo huingia kivuli kinapofikia urefu wa kijiti pamoja na kile kivuli cha adhuhuri.

Hapa tunapaswa kusimama kidogo juu ya milima, kwa sababu nchi yetu si tambarare kama Pwani. Ndugu zetu wa Bonde la Rukwa, wa Muze, Mtowisa na Ilemba, wanaishi chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, na ukuta huo uko upande wao wa machweo. Jua hujificha nyuma yake mapema, na kivuli cha mlima kikaifunika mitaa. Huko si kuchwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha alama tatu pamoja: usiku uje kutoka upande wa mashariki, mchana uondoke upande wa magharibi, na jua liwe limekuchwa. Wanavyuoni wakasema kwamba aliye bondeni, asiyeweza kuuona upeo, atazame mashariki mpaka giza lipande, na vilele vilivyo juu yake viwe vimeachwa na mwanga. Kinyume chake, aliye juu ya ukingo wa uwanda, akitazama chini kuelekea Ziwa Tanganyika, huendelea kuliona jua kwa dakika chache baada ya aliye ufukweni kulipoteza. Huyo wa juu hafuturu mpaka limchwee yeye. Na kwa upande wa magharibi zaidi hesabu ya ramani huendelea: Kirando iko nyuma ya Sumbawanga kwa dakika 4 hivi.

Baadhi ya ndugu huuliza: "Mbona mwezi wa Ramadhani ukitangazwa kuandama mahali pengine sisi hufunga kwa habari ya redio? Kwa nini basi tusifuturu kwa redio?" Swali hili ni zuri, na jawabu lake ni kwamba mambo haya si ya jinsi moja. Kuandama kwa mwezi huthibitisha tarehe, nayo huthibiti kwa ushahidi wa watu waadilifu, na habari ya ushahidi husafirishwa. Wanavyuoni wamehitilafiana ni umbali gani habari hiyo huwafunga watu, lakini asili ya kuipokea wameikubali. Ama kuchwa kwa jua si habari ya kupokewa kutoka mji mwingine. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba jua likichwa katika mji mmoja limekuchwa katika miji yote. Na ingekuwa hivyo, mtu wa Sumbawanga angepaswa kufuturu alasiri yake wakati jua linapochwa Bombay!

Elimu hii ya kupima miji kwa wakati si ngeni katika Uislamu. Usiku wa tarehe 24 Mei mwaka 997, Abu Rayhan al-Biruni akiwa Kath, katika nchi ya Khwarazm, na Abul-Wafa akiwa Baghdad, walipatana kuutazama mwezi ukipatwa. Kupatwa kwa mwezi huonekana kwa watu wote kwa mara moja. Kila mmoja akaandika saa ya mji wake, na walipolinganisha, zilihitilafiana kwa saa moja hivi. Kwa hitilafu hiyo wakajua umbali wa miji yao kwa nyuzi. Hawakuwa na simu wala saa za mkononi. Na katika misikiti mikubwa ya Sham na Misri aliwekwa mtu maalumu wa kupima nyakati. Ibn al-Shatir, mwanafalaki mkubwa wa karne ya 14, alikuwa na kazi hiyo katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus. Waislamu wa leo wenye simu mfukoni hawana udhuru. Lakini simu nayo ni lazima ielezwe mahali ilipo. Programu ya Sala iliyowekewa Dar es Salaam itaadhini kwa wakati wa Dar es Salaam hata ikiwa mfukoni mwa mtu aliyeko Malangali.

Tumalize habari ya siku kabla ya kuingia katika miezi. Siku ya sheria huanza Magharibi, nayo ya serikali huanza usiku wa manane. Kadi ya hospitali ikiandika kwamba mtoto amezaliwa Alhamisi saa 21:00, geuzeni kwanza saa: ni saa 3 usiku. Kisha geuzeni siku: ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliyezaliwa usiku huanza kuhesabiwa kwa mchana unaofuata, basi siku yake ya kwanza ni Ijumaa, na akika ya siku ya 7 ni Alhamisi. Lau angezaliwa Alhamisi mchana, siku ya 7 ingekuwa Jumatano. (Na Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Kiswahili, na Alhamisi ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu, juma letu lina siku mbili za tano, na hakuna aliyewahi kupotea kwa ajili yake.)

Ama miezi, Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul-Baqara, aya ya 189, kuwa miandamo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Mwaka wa mwezi una siku 354, na mara nyingine 355. Umepungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Mjane anayekaa eda ya miezi minne na siku kumi huhesabu kwa miezi ya kuandama, na ikiwa mume alifariki katikati ya mwezi, hukamilisha mwezi ule uliokatika kwa siku 30, na mitatu ya baina yake kwa kuandama. Akihesabu kwa kalenda ya ukutani huenda akazuiliwa siku kadhaa zaidi ya alizoamrishwa, na mara nyingi ni jamaa wa mume wanaomhesabia. Kijana hubaleghe kwa umri, asipotokewa na alama nyingine kabla yake, akitimiza miaka 15 ya mwezi. Hiyo ni miaka 14 na miezi 6 na nusu hivi ya jua. Mzazi anayengoja cheti cha kuzaliwa kitimize 15 amemwachia mwanawe zaidi ya miezi 5 ya faradhi bila ya kumhimiza.

Katika zaka hasara ni ya mafakiri. Hauli ya mali ni mwaka wa mwezi. Mfanyabiashara anayetoa zaka yake kila tarehe 31 Desemba, kwa 2.5 katika mia, baada ya miaka 33 ya jua atakuwa amepitiwa na miaka 34 ya mwezi. Zaka ya mwaka mmoja mzima haikutoka. Wanaoshindwa kuacha kalenda ya serikali katika vitabu vyao vya hesabu wameelekezwa kutoa 2.577 katika mia badala ya 2.5. Kwa mali ya shilingi milioni 4 ni shilingi 103,080, si 100,000. Kilicho bora zaidi ni kuchagua siku katika mwezi wa Kiislamu na kushikamana nayo.

Kanuni ya kugeuza miaka ni hii: toa 622 katika mwaka wa Kizungu, zidisha kwa 33, gawanya kwa 32. Mwaka 1964 ukitoa 622 unabaki 1342. Ukizidisha na kugawanya wapata 1383 na kitu, na kweli Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalitokea mwishoni mwa Shaaban 1383. Mwenye kusoma Suratul-Kahf, aya ya 25, ataona watu wa pangoni wametajiwa miaka 300 na nyongeza ya 9. Wafasiri wengi wamesema 300 ni ya jua na 309 ni ya mwezi, na hesabu yakubaliana nao: hitilafu ni siku 73 tu katika muda wote huo.

Kwa kupungua huko kwa siku 11, Ramadhani huzunguka misimu yote. Kiasi cha kila miaka 32 au 33 huingia mara mbili katika mwaka mmoja wa Kizungu, kama ilivyokuwa mwaka 1965 na mwaka 1997. Itatokea tena mwaka 2030, Mwenyezi Mungu akituweka hai: ya kwanza mwanzoni mwa Januari, na ya pili katika siku za mwisho za Desemba. Zote mbili zitaangukia mchana wetu ulio mrefu, wakati jua la Ufipa linapochwa karibu na saa 1:10 au zaidi, na tofauti yetu na adhana ya Dar es Salaam itakuwa ile kubwa, dakika 33.

Wabillahi tawfiq.